Vyumba Thelathini na Sita

Mwezi uliopita tulimuaga Daktari Ndirangu katika bustani ya hoteli moja ya Thika, kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe kama wagonjwa. Ilikuwa sherehe yake ya tatu ya kustaafu. Wakubwa wa nchi hii hustaafu kwa awamu, kama barabara zinavyojengwa. Alipopewa kipaza sauti nilijua atakisimulia kile kisa cha fundi wa saa, na alikisimulia. Kila mwaka fundi huyo anazidi kuwa mjinga. Safari hii hata miwani alikuwa ameivaa juu chini. "Nikamwambia, mzee, umefunga chakula, na macho pia uliyafunga?" Hema lote likaangua kicheko. Nami nikacheka. Nimekuwa na zaidi ya robo karne ya kujizoeza kutocheka mahali hapo, lakini mwili una tabia zake. Mama Shiru, aliyekuwa msaidizi mkuu wa maabara enzi hizo na ambaye sasa anatembea na fimbo, alikuwa ameketi kando yangu. Alinidunga kwa kiwiko bila kugeuza kichwa. "Na wewe, gradueti," akasema, "spiriti bado unakunywa?" Nina miaka hamsini na kitu, nimechapisha vitabu viwili vya insha ambavyo jamaa zangu wananiahidi watavisoma, na bado kuna mtu mmoja duniani anayeniita gradueti. Nikamwambia niliacha. "Aca," akasema, akikataa kwa Kikuyu. "Hiyo haiachwangi."

Mwaka ule sitauanza kwa kueleza nilizaliwa wapi na nani. Wazazi wangu hawana hatia katika haya. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, digrii ya biolojia ambayo haikuwa imetoka kwenye bahasha yake, na suruali mbili. Nilipanga chumba Gitothua, upande wa Ruiru, katika ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana kama watu waliogombana. Kuta za mawe zilipanda hadi kimo cha mtu mrefu kisha zikakoma, na kati ya ukuta na mabati palibaki nafasi ambamo maisha ya majirani yalipita bila kubisha hodi. Nilijua jirani wa kushoto amekasirika kabla mkewe hajajua. "Hii ni githeri, ama ni maharagwe imetembelewa na mahindi mbili?" angeuliza mume. "Ukitaka ya mahindi mingi rudi kwa mamako," angejibu mke, kisha sufuria ingewekwa chini kwa kishindo, nami upande wa pili ningetafuna githeri yangu polepole ili meno yasinisaliti. Hakuna aliyewahi kunishuku kuwa na masikio. Nilijifunza mapema, na bila karo, kwamba anayesikia kila kitu na kukaa kimya hupewa heshima ya mtu mpole.

Maabara ya Daktari Ndirangu, nilikoajiriwa, ilikuwa Thika, nyuma ya viwanda, katika jengo lililowahi kuwa stoo ya magunia. Upepo ukivuma upande mmoja tulinusa mananasi yanayopikwa. Ukigeuka tulinusa ngozi mbichi. Swali la Daktari lilikuwa zuri, na hili nalisema bila kejeli, jambo ambalo ni nadra kwangu. Ukiweka aina kadhaa za bakteria katika chupa moja na kuitikisa, wote hukutana na wote, na baada ya siku chache hubaki mmoja. Lakini bakteria hawaishi ndani ya chupa inayotikiswa. Wanaishi katika mikunjo: ndani ya bonge la udongo, chini ya ganda la kahawa, baina ya meno yako na yangu. Je, ukiwajengea mji mdogo, wenye vyumba na milango myembamba, vizazi vyao vitageuka kwa njia nyingine? Mnyonge atapata pembe ya kujificha? Mwuaji atakosa wa kumwua? Bakteria aliyeshiba huwa babu katika muda wa mtu kuandaa chakula cha mchana, kwa hiyo mwenye subira ya mwaka mmoja anaweza kutazama koo zikipanda na kushuka, kwa macho yake, juu ya meza.

Mji wenyewe ulikuwa kipande cha perspeksi, ile plastiki ngumu, angavu, ya mabango ya maduka. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja, na ndani yake vyumba thelathini na sita, kila kimoja kikitosha tone dogo la maji ya sukari. Vyumba thelathini viliunganishwa kwa mifereji myembamba kama uzi. Sita vya pembeni havikuwa na mlango hata mmoja. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kupimia, vya kutuonyesha yanayotokea kwa asiyekutana na yeyote. Tuliita kipande hicho sahani. Wakazi wake tuliwatoa katika matangi ya kuoshea kahawa ya shamba moja karibu na Kalimoni. Daktari aliwapa herufi na tarakimu. Mama Shiru, aliyekuwa akitoka Gatuanyaga alfajiri na kufika na vumbi hadi kwenye nyusi, aliwapa majina ya watu. Mmoja aliyetoa sumu akamwita Mchawi. Wa pili alikula upesi na kuzaa upesi, lakini sumu ilimwua mara moja. Huyo alikuwa Mnene. Wa tatu hakutoa sumu wala hakufa kwa sumu, ila alikua kwa uzito kama kijana anayetumwa dukani. Huyo alikuwa Sugu. Mchawi alimwua Mnene. Mnene alimpita Sugu mbio. Sugu naye alimshinda Mchawi, kwa sababu kutengeneza sumu kunachosha. Katika chupa mzunguko huo ulikatika baada ya siku chache. Katika sahani walifukuzana chumba hadi chumba, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Najua msomaji anangoja nimwambie katika hao watatu mimi nilikuwa yupi. Nimejaribu kujipanga mara nyingi, haifai. Bakteria hawana aibu, na habari hii yote ni ya aibu.

Sahani zilichongwa na Mzee Rajabu, fundi wa saa, katika kibanda chake Ruiru, si mbali na chumba changu. Ndiyo maana mimi ndiye niliyetumwa kwake. Alikuwa Mwislamu wa mji, mtu wa koo tatu au nne zilizochanganyika hadi yeye mwenyewe akaacha kuzifuatilia, na Kiswahili chake kilinifanya nijisikie kama nimevaa viatu vya kuazima. Kwake ndiko nilikojifunza kusema shikamoo na kungoja marahaba. Kibanda kilitosha watu wawili wasiopumua kwa nguvu. Palikuwa na meza iliyochakaa mahali viwiko vyake vilipolala, taa ya chuma iliyopindishwa shingo, na saa za ukutani zilizoonyesha nyakati saba tofauti. Alibana lenzi kwenye jicho la kulia, akashika kikeke alichokitengeneza kwa sindano ya cherehani, na akachimba akiwa amezuia pumzi. Sahani moja ilimchukua siku nne. Biashara ya saa ilikuwa ikifa. Watu walikuwa wameanza kuvaa saa za plastiki ambazo zikisimama hutupwa, na wateja waliobaki walikuwa wazee wenzake, ambao nao walikuwa wakisimama mmoja mmoja. Mkewe alikuwa akileta mahamri na mbaazi katika bakuli lililofunikwa kwa sahani ya bati, na mzee hakuanza kula kabla hajaniona nimemega.

Siku aliyonikabidhi sahani ya kwanza aliishika mkononi kidogo kabla ya kuiachilia. "Mwanangu, sikiliza. Hii utaiosha kwa sabuni. Utailaza kwenye dawa ya klorini. Utaisuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti, hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata harufu. Mahali palipochimbwa, plastiki hii ina maumivu. Spiriti ikiifikia hapo inapasuka, ufa mwembamba usioonekana. Mimi nimeharibu tatu kabla sijajua. Andika."

Nikaandika katika kidaftari changu cha mfukoni. Niliandika vizuri sana, nikapiga na mstari chini.

Daktari alimpenda mzee huyo kwa namna Daktari alivyopenda vitu: akaahidi. Wageni kutoka ng'ambo wangekuja mwaka uliofuata kutazama mji wetu wa bakteria, na wakiridhika wangetaka sahani nyingine nyingi. "Ukifika wakati huo, mzee, hutachonga tena kwenye kibanda," alimwambia siku aliyomleta Thika kuona kazi yake chini ya hadubini. "Nitakuajiri. Nitakupa meza yako hapa, chini ya dirisha." Seremala akaitwa, meza ikapigwa, ikawekwa. Mzee Rajabu aliizunguka mara mbili, akaweka kiganja juu yake kupima mwanga. Tangu siku hiyo, kila nilipoingia kibandani, swali lilikuwa moja. "Lile dirisha linatazama wapi?" Mashariki, mzee. "Basi asubuhi nitaona hata kope ya sisimizi." Alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu Ruiru. Alikuwa amemwambia na yule mwenye duka la saa za plastiki, na yeyote aliyewahi kushindana na jirani anajua kwamba hapo hapana tena njia ya kurudi.

Sasa nieleze kuhusu chai. Katika maabara yetu chai ya saa nne ilikuwa ibada. Birika kubwa, mkate uliokatwa vipande vinene, siagi iliyopakwa kwa haki na Mama Shiru mwenyewe. Daktari, ambaye saa nyingine zote alipita kama gari la serikali, alikaa na watu dakika thelathini. Na katika dakika hizo mambo yaliamuliwa: nani apewe koti jipya, nani apelekwe semina, nani ni mwangalifu na nani ni wa kubahatisha. Asiyekuwepo alijadiliwa. Hilo halikuwa uovu, lilikuwa desturi. Kiti kitupu kinahitaji kujazwa na kitu. Na kazi ya kuosha sahani, niliyopewa mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa na digrii na Mama Shiru hakuamini katika digrii, iliangukia papo hapo kwenye chai. Kila asubuhi nilichukua sindano, nikaipitisha kwenye moto, nikahamisha kitone kutoka kila chumba hadi chumba kilekile cha sahani safi. Kisha sahani chafu ioshwe kwa sabuni, ikae kwenye klorini, isuuzwe mara tatu, ianikwe chini ya kioo. Nilipomaliza, birika lilikuwa baridi na mkate ulikuwa makombo. Nami niliingia na kukuta watu wakinyamaza kwa upole ule ambao unakwambia ulikuwa ukiliwa.

Mwezi wa tisa nilisikia, kupitia dirisha lililo wazi, Daktari akisema angemwandikia barua mtu mmoja, mmoja tu, aende ng'ambo kuendelea na masomo. "Yule kijana?" akauliza. "Mnamwonaje?"

"Simwoni," alisema Mama Shiru. "Yeye anaoshanga tu." Wakacheka. Kicheko hicho kilikuwa kidogo, cha watu wanaotafuna.

Kesho yake nilichukua chupa ya spiriti kutoka kabatini. Spiriti inaua kila kitu na inakauka kabla hujamaliza kuwaza. Dakika tano, na saa nne kamili nilikuwa nimekaa, kikombe mkononi, mkate wenye siagi, nikicheka mizaha ya Daktari nusu sekunde kabla ya wengine. Nilikumbuka onyo la mzee. Singependa mtu yeyote adhani nilisahau. Nilijiambia kwamba fundi wa saa hawezi kujua kemia kuliko mimi, na kwamba nikiipitisha upesi hakuna neno. Nilitazama sahani dhidi ya mwanga, nikaiona safi kama maji. Ilipita wiki moja, mbili, tatu. Nikawa mtu wa chai. Hata Mama Shiru akaanza kunitania usoni, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kumpa mtu uraia. "Hii spiriti inapunguanga sana," alisema asubuhi moja, akiinua chupa mbele ya wote. "Kuna mtu hapa anakunywa. Gradueti, hebu pumua tuskie." Nikapumua. Watu wakaanguka kwa kicheko. Yeye peke yake hakucheka, alirudisha chupa kabatini akiutazama mstari wa spiriti iliyobaki ndani.

Kisha muujiza ukatokea. Katika vyumba sita vya pembeni, vile visivyo na mlango, tulikuwa tumemweka Mnene peke yake. Asubuhi moja niliona chini ya hadubini kwamba katika viwili kati ya hivyo Mnene alikuwa amekufa na aliyekuwa akiogelea humo ni Mchawi. Nilirudia. Nikarudia tena. Vyumba vilevile viwili, upande uleule, mahali ukuta ulipokuwa mwembamba zaidi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini muujiza una mazoea ya mahali. Mimi nilikimbia kwa Daktari. Naye, mtu aliyekuwa amengoja kitu kama hicho maisha yake yote, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Wamejifunza kupita ukuta," alisema kwa sauti ndogo. "Wamebadilika." Siku hiyo kwenye chai alinikalisha kando yake. Alisema mbele ya wote kwamba jicho langu ndilo lililoona, na kwamba ile barua alikuwa amejua tangu mwanzo ni ya nani. Aliwaandikia wageni wa ng'ambo jioni hiyohiyo. Mimi nilirudi Gitothua nikapika githeri nikaila kwa kelele, majirani wakajua leo kuna mtu.

Mama Shiru ndiye aliyeua muujiza, kwa kalamu. Alichukua sahani kavu, akatia tone la wino wa buluu katika chumba kimoja, akaketi kuitazama kama mama anayengoja maziwa yachemke. Baada ya muda wino ulianza kutembea. Ulipenya ukuta kwa mistari midogo yenye matawi, kama mzizi, ukaingia chumba cha pili kisicho na mlango. "Haiya," alisema. "Daktari, kuja uone mabadiliko." Sahani zote sita tulizokuwa nazo zilikuwa na nyufa. Barua ya muujiza ilikuwa imekwisha kufika ng'ambo, na Daktari alilazimika kuandika nyingine ya kuikana na kuwaomba wageni wasije. Kwa siku mbili hakuja kwenye chai. Siku ya tatu alikuja akiwa ameamua kwamba kosa lazima liwe na mtu. "Jua kali," alisema. "Nilimpa kazi ya sayansi fundi wa kibandani, mtu wa jua kali. Mwiteni."

Ilikuwa Ramadhani, mwezi wa kwanza, joto la vumbi. Mzee Rajabu alifika saa nne kamili, kanzu imepigwa pasi, lenzi yake katika mfuko wa kifua. Alidhani ameitiwa meza yake. Nilisema shikamoo, akajibu, "Marahaba, mwanangu," akatazama dirishani, mwanga ulipoingia. Daktari alimkalisha katikati ya watu, akammiminia kikombe.

"Kunywa chai, mzee."

"Ahsante, Daktari. Nimefunga."

"Ala! Umefunga chakula. Na macho pia uliyafunga ulipokuwa unachonga?"

Watu walicheka vinywa vikiwa na mkate. Nilicheka nami. Daktari akasukuma hadubini mbele yake na kumwambia atazame aone kazi yake. Mzee hakutazama kwenye hadubini. Aliichukua sahani yenyewe kwa vidole viwili, na badala ya kuipeleka kwenye jicho, aliipeleka puani. Akaishikilia hapo kidogo. Kisha akainua macho, akanitazama. Halikuwa tazamo la hasira. Lilikuwa kama la mtu aliyekufungulia mlango na kusimama kando ili upite.

"Nyufa hizi si za kikeke," alisema polepole. "Waulizeni wanaoosha."

Daktari akanigeukia. "Gradueti. Sahani unaosha na nini?"

Upande wa pili wa meza Mama Shiru aliacha kupaka siagi. Nakumbuka kisu kikiwa hewani. Nakumbuka inzi kwenye ukingo wa kikombe cha mzee, kile ambacho hakuna aliyekiondoa. Nakumbuka pia kwamba nilikuwa na nafasi ya kutosha. Watu husema maneno kama hayo hututoka, lakini yangu niliyachagua.

"Kama kawaida, Daktari. Sabuni, klorini, na maji yaliyochemshwa."

Mzee Rajabu aliweka sahani mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Kama kijana amesema hivyo," akasema, "basi ni mimi."

Nilitumwa nimsindikize hadi langoni, kwa kuwa desturi ni desturi hata unapomfukuza mtu. Vumbi lilikuwa jekundu juu ya upindo wa kanzu yake. Tulipofika barabarani akasimama. "Nilipoinusa, nilikutazama," alisema. "Nilikuwa nakupa nafasi." Nikatazama viatu vyangu. "Ile habari ya spiriti, uliiandika katika kidaftari?"

"Niliiandika, mzee."

"Usikipoteze, msomi. Kitakufaa ng'ambo."

Alikuwa hajawahi kuniita msomi. Nilibaki nimesimama hadi alipovuka, kisha nikarudi ndani, maana chai yangu ilikuwa haijapoa.

Kilifaa. Nilikwenda ng'ambo kwa barua ya Daktari iliyosema mimi ni mwangalifu. Huko sahani zilichongwa na mashine, na nilipoelekezwa jinsi ya kuziosha, mwalimu wangu alisema spiriti haifai kwa perspeksi, nami nikasema nimewahi kusikia. Nilidumu katika sayansi miaka sita kabla ya kugundua kwamba hadubini hunichosha kwa sababu kila mara nikiinamia naona kisu cha siagi hewani. Nikahamia kwenye insha, fani ambamo mtu hujishutumu kwa lugha nzuri na kulipwa pongezi. Ile meza ya chini ya dirisha iliwekewa birika la chai. Dereva wa maabara aliipeleka habari Ruiru kabla mzee hajafika kwake kufuturu, na mwenye duka la saa za plastiki akaifanyia kazi iliyobaki. Kufikia pasaka watu wa soko walikuwa wakimwita Mzee Ufa. "Mzee Ufa, hii saa yangu utairudisha ikiwa moja ama mbili?" Nilisikia hayo kwa masikio yangu, wiki za mwisho kabla sijaondoka, nikipita upande wa pili wa barabara, kofia ikiwa imeshuka usoni. Mama Shiru hakunisema kamwe. Alinifanya tu nioshe vikombe vya wote hadi siku yangu ya mwisho, na kila nilipomaliza alinusa kimoja.

Siku moja baada ya sherehe ya Daktari nilikwenda Ruiru. Nilijiambia kioo cha simu yangu kimepasuka, jambo ambalo lilikuwa kweli. Huwa napenda uongo wangu uwe na ushahidi. Kibanda kipo, kimepakwa rangi ya kijani, na ndani palikuwa na mwanamke wa makamo mwenye hijabu ya kahawia na lenzi iliyobanwa kwenye jicho la kulia. Sikuhitaji kuambiwa ni binti ya nani. Jina lake ni Zainabu. Alipokea simu, akaifungua, na skurubu zake ndogo akazidondosha kwa kibano katika chumba kimoja cha kipande cha plastiki kilichokuwa pale mezani. Vyumba thelathini na sita, angavu kama maji. Skurubu za kila simu katika chumba chake.

"Hiki kidude ni kizuri," nilisema. "Umekitoa wapi?"

"Ilikuwa ya baba, Mungu amrehemu. Alichongea maabara moja huko Thika, hii moja ikabaki." Alikuwa akipuliza vumbi ndani ya simu. "Walimsingizia. Walisema ameharibu kazi, wakamtukana mbele ya watu na yeye amefunga. Lakini baba alikuwa anatuambia, palikuwa na kijana mmoja hapo, msomi. Alisimama mbele ya wakubwa wake akasema, huyu mzee hana kosa. Hawakumsikiza. Kila Ramadhani tukifuturu baba anamwombea dua huyo kijana."

Niliuliza jina lake kijana huyo. Nashangaa hadi leo kwamba niliuliza.

"Hakututajia. Tukimwuliza anasema, jina ni lake, atalisema mwenyewe akitaka." Alifungua droo, akatoa chupa ndogo. Kabla hajaizibua aliinua ile sahani kwa mikono miwili, na kila skurubu ndani yake, akaisogeza hadi mwisho kabisa wa meza, mbali. "Spiriti," alinieleza, akiwa ananiona natazama. "Hii plastiki haiitaki. Hata harufu." Kisha akachukua kalamu na kipande cha karatasi cha kubandika jina kwenye kazi. "Itachukua siku mbili. Kesho kutwa saa nne uje. Niandike jina gani?"

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi, ikingoja kwa upole. Nilikuwa na nafasi ya kutosha.

"Ndirangu," nikasema.

Hayo yalikuwa wiki tatu zilizopita. Sijarudi. Simu yangu bado iko Ruiru chini ya jina la mtu mwingine, na skurubu zake nne ziko katika chumba cha pembeni, kimoja cha vile sita ambavyo Mzee Rajabu hakuvichimbia mlango.